Njia ya Utosini

Mke wangu alipanda ndege alfajiri kwenda kwa binti yetu, na tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Nilipomuuliza atarudi lini, alijibu, "Nikifika nitaona." Tulikuwa tumenuniana wiki nzima. Chanzo kilikuwa kidogo, ila mimi sijui kumeza neno.

Siku hiyo kiti hakikukalika. Uzi wa cherehani ulikatika, nikaunga, ukakatika tena. Nikasimama mbele ya ramani kuukuu ukutani, nikanyoosha futi yangu ya kupimia kutoka mji wetu hadi mji wa binti. Ilikata bahari moja kwa moja.

Kisha nikafungua simu, pale binti aliponionyesha namna ya kuifuatilia ndege. Kale kandege kalikuwa kameiacha njia yangu kabisa, kanapanda juu kuelekea kwenye barafu ya kaskazini.

"Rubani amepotea," nikasema.

Mshona kofia, ninayechangia naye chumba cha kazi, hakuinua macho. "Rubani kasomea, Fundi. Wewe ndiye unayewabana watu suruali."

"Njoo uone mwenyewe. Mji uko kule, yeye anakwenda huku."

Akaja na kile kichwa cha mbao anachojaribishia kofia. Akatia alama mbili za chaki, moja kila upande wa kichwa hicho, juu ya sikio, karibu na utosi. "Zungusha futi kwa mbele, kwenye paji." Nikapima. "Sasa pitisha utosini."

Utosini palikuwa pafupi. Nikarudia, maana mimi ni mbishi, pakabaki pafupi.

"Dunia siyo shuka, bwana, ni mviringo kama kichwa hiki," akasema. "Unaipima imelala."

Nikaona aibu, kwa sababu nilikumbuka koti. Nilimshonea mke wangu koti la safari, lakini kwa kuwa hatukuwa tunasemeshana, sikumwomba asimame nimpime. Nililaza gauni lake la zamani mezani, nikapima mikono hapohapo, bila bega ndani. Alilikunja bila kulijaribu, akaondoka nalo.

Mchana ukajikokota. Nilitoka mlangoni, nikarudi, nikafagia palipokwisha kufagiwa. Mshona kofia akaniambia nikae, nikamwambia akae yeye. Niliogopa, basi. Nilikuwa na swali moja nimelinoa: unarudi au hurudi?

Jioni simu ikalia. "Nimefika," mke wangu akasema.

Swali likanifika ncha ya ulimi. Mshona kofia akakigonga kile kichwa utosini kwa kidole, polepole.

"Huko kuna baridi?" nikauliza.

"Ipo. Koti linasaidia, ila mikono imezidi. Hata vidole sivioni."

"Nilikosea kupima." Nikaishika futi. "Lilete nilipunguze."



"Nitalileta," akasema. "Ila safari hii utanipima mimi, nimesimama mbele yako."