Mate Si Shahidi

Mchele ulitoka kinywani mwa shangazi yangu Mwanasha kama ulivyoingia: mkavu, punje zimevunjika tu, hazikushikana. Ulianguka kwenye sahani nyeupe kwa sauti ya mchanga. Wanawake waliojaa uani kwa Bi Maimuna walinyoosha shingo kuiona. Kisha mmoja akasema, "Laa ilaha illa Llah," na ua mzima ukaanza kunong'ona.

Siku nne kabla ya hapo Bi Maimuna alikuwa amemwoza binti yake. Harusi ilipokwisha, kidani cha dhahabu alichokuwa amevishwa bi harusi hakikuonekana. Walioingia chumbani kwa bi harusi walikuwa wanawake watano, na shangazi alikuwa mmojawao, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa somo. Alimfunda yule binti na kumpamba. Katika ukoo wa Bi Maimuna kulikuwa na kiapo cha zamani cha kumtafuta mwizi. Mzee wa ukoo anausomea mchele mbichi, kila mtuhumiwa anatafuna konzi moja, kisha anatema. Anayetema uliolowa ni safi. Anayetema mkavu, ndiye. Imamu wa kijiji chetu cha Sudi alikuwa amekwisha kukikemea kiapo hicho msikitini, basi safari hii hawakumwita.

Wanne walikuwa wametema uji. Shangazi alikuwa wa tano.

Mzee Dadi, mjomba wake Bi Maimuna, aliizungusha sahani ili kila mtu aone.

"Mwanasha," alisema, "rudisha cha watu."

"Sina cha watu."

"Mchele umesema."

"Basi uambie mchele huo ukuonyeshe nilikokificha."

Kuna mtu alicheka nyuma, akajiziba mdomo kwa khanga. Mzee Dadi hakucheka. Alimpa siku nane. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala ya alasiri, shangazi alete kidani au atafune mara ya pili. Akitema mkavu tena, ametengwa: hakuna atakayekula chakula cha mkono wake, hakuna atakayemkabidhi mwali, wala hatakanyaga kwenye msiba wa mtu.

"Na ukifa," alimalizia, "utazikwa na watoto wako."

Watu walitazama chini. Wote walijua kwamba shangazi hakujaliwa kuzaa.

"Ninaye huyu," shangazi alisema, akanishika mkono. "Ananitosha kunibeba."

Mimi ndiye mtoto huyo. Naitwa Sada, ni binti wa kaka yake, na alinilea tangu nikiwa darasa la pili. Nimemaliza chuo, nimesomea afya ya kinywa na meno, na wakati ule nilikuwa najitolea kwenye kliniki moja mjini Lindi huku nikisubiri ajira. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama uani pale, nikaiona ile sahani, na badala ya kumwona mwizi niliona kitu kingine. Niliona kinywa ambacho hakina mate.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha mlangoni penye mwanga.

"Shangazi, fungua mdomo."

"We Sada, mimi si mbuzi wa mnadani."

"Fungua tu, shangazi yangu."

Ulimi wake ulikuwa mwekundu na umepasuka katikati kama tope lililopigwa na jua. Pembe za midomo zilikuwa na vidonda. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameanza kuliwa pale yanapokutana na ufizi, mahali ambapo kwa kawaida mate huyalinda. Nilichukua kijiko nikapitisha mgongo wake ndani ya shavu. Kiligandia. Nilipokivuta, shavu lilikuja nacho, na yeye akasema "Ah!" kwa maumivu. Kwenye kinywa chenye afya kijiko huteleza.

Nilianza kumwuliza. Ndiyo, alikuwa anaamka mara tatu kunywa maji. Ndiyo, muhogo wa kuchoma haushuki bila mchuzi. Korosho ameacha kula, zinamganda kwenye kaakaa. Ladha ya chumvi haisikii vizuri, ndiyo maana majirani walikuwa wanalalamika kwamba mboga zake siku hizi ni bahari.

"Tangu lini?"

"Tangu masika yaliyopita."

"Masika yaliyopita ulianza kitu gani kipya?"

Alifikiri. "Vile vidonge vya jioni. Vya miguu kuwaka moto."

Shangazi ana kisukari. Kisukari chenyewe, kikipanda, hukausha kinywa. Na dawa za kutuliza mishipa ya fahamu ya miguu zinajulikana kwa kufunga mate; zipo na nyingine nyingi, za mafua, za mzio, baadhi ya zile za presha. Hofu nayo hukausha. Shangazi alikuwa navyo vyote vitatu mara moja, halafu akapewa konzi ya mchele mbichi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nina kiu? Pwani yote hii ina kiu." Akafungua pindo la khanga yake, akatoa peremende, akaitia mdomoni. "Hii inanisaidia kidogo."

Nilimwangalia akiimung'unya na nikaona haya. Peremende zile nilikuwa namletea mimi. Kila nilipotoka mjini nilimletea pakiti, kwa kuwa aliziomba, na sikuwahi kujiuliza mtu mzima mwenye kisukari anazitakia nini. Miaka mitatu nimesoma meno ya watu, na meno ya aliyenilea nilikuwa nayaozesha mwenyewe.

Kesho yake asubuhi tulipanda gari kwenda Lindi. Dkt. Josephat wa kliniki ya kisukari alimsikiliza bila haraka. Sukari yake ilikuwa imepanda. Shangazi alipoambiwa kuhusu vidonge alitaka kuvitupa baharini siku hiyo hiyo.

"Usitupe, mama," Dkt. Josephat alimwambia. "Hiyo dawa imeuzima moto wa miguu. Ukiiacha ghafla, moto utarudi. Tutapunguza kipimo, tuone. Maji uwe nayo karibu, unywe kidogo kidogo, sio kopo zima kwa mkupuo. Peremende basi. Tafuna bigijii isiyo na sukari, inayaamsha mate. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno iwe yenye floridi. Ugoro unatumia?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Shangazi alinitazama mimi. "Kidogo cha kutosha."

"Acha wote."

Alicheka, lakini aliuacha. Dkt. Josephat alituandikia pia barua fupi yenye muhuri, ikieleza kwamba ukavu wa kinywa cha Mwanasha unatokana na ugonjwa na dawa. Niliikunja vizuri nikaitia kwenye begi. Nilikuwa na hakika kwamba karatasi ile ingemaliza kila kitu.

Siku sita zilizofuata nilikaa naye Sudi. Nilimpimia maji, nilimhesabia vidonge, nilimsimamia kama mwalimu wa zamu. Majirani walipita bila kuingia. Mwanamke aliyekuwa akituletea samaki kila asubuhi alianza kupitia njia ya nyuma. Shangazi alijifanya haoni, ila nilimwona akitenga chakula cha watu wanne kama kawaida yake, halafu akipunguza.

Siku ya saba alikula kipande cha muhogo mkavu. Kilishuka. Nilikwenda jikoni, nikachota konzi ya mchele, nikamwambia atafune. Alitafuna, akatema kwenye kiganja changu. Ulikuwa umelowa. Haukuwa uji kamili, lakini ulishikana, ulikuwa donge.

Nilipiga kigelegele peke yangu. "Shangazi! Kesho unawashinda!"

Alilitazama lile donge, kisha akanifutia kiganja kwa khanga yake.

"Sitafuni."

"Unasemaje?"

"Kesho sitafuni."

"Shangazi, umepona! Angalau unatosha! Unatafuna dakika moja tu, jina lako linarudi!"

"Linarudi kutoka wapi? Jina langu halijaenda mahali." Alivuta kigoda, akakaa. "Sikiliza, mwanangu. Nikitafuna kesho nikatema uji, watasema nini? Watasema kiapo ni cha kweli, Mwanasha alikuwa na lake, amelirudisha kwa siri, amesafika. Na mwaka kesho ataletwa mwingine mwenye vidonge vyake, ambaye hana mtoto wa kaka mwenye cheti. Atatema mkavu. Na watu watamwambia, mbona Mwanasha alitoka safi?"

"Watakutenga."

"Wanitenge wakijua kwa nini."

Nilimsihi sana, na nilimlilia kidogo. Alinibembeleza mimi, kana kwamba aliyetuhumiwa ni mimi, lakini hakubadilika.

Ijumaa baada ya alasiri ua wa Bi Maimuna ulijaa kuliko mara ya kwanza. Wale wanne waliokuwa wametema uji walikaa mbele, kwenye mkeka wao. Bi Maimuna mwenyewe alikaa kando na macho yalikuwa yamemvimba. Kidani kile aliachiwa na mama yake. Katika hasira zangu za siku zote nane nilikuwa nimelisahau hilo.

Mzee Dadi aliweka sahani. "Mwanasha. Umekuja na kidani, au umekuja kutafuna?"

"Nimekuja kukuambia sitafuni."

Makelele yaliruka. Mzee Dadi aliinua mkono. "Anayekataa amekiri."

Nilisimama, nikatoa barua. "Shikamoo, babu. Naomba nisome karatasi ya daktari."

"Marahaba. Kaa, mjukuu wangu. Karatasi haishindani na kiapo."

Nilikaa na barua yangu mkononi. Hakika yangu yote iliishia pale. Lakini shangazi hakukaa. Aliwageukia wanawake, sio Mzee Dadi.

"Jamani, mnanijua. Wengine wenu nimewafunda mimi. Nina ugonjwa na ninakunywa dawa, na dawa imenifunga mate. Jana nyumbani kwangu nimetafuna mchele huu huu na ukalowa, Sada ni shahidi. Ningeweza kuutafuna hapa nikaondoka zangu salama. Sitaki. Nawauliza kitu kimoja tu. Nani hapa anaamka usiku kinywa kimemgandamana?"

Wengine walivuta khanga zao mdomoni.

"Nani hawezi kumeza muhogo bila maji?"

Bibi mmoja mzee sana, karibu na ukuta, aliinua mkono nusu. Kisha mwingine, mwenye presha. Kisha mwanamke wa makamo niliyekuwa simjui.

"Haya. Nyie watatu mna bahati kwamba hamkuingia chumba kile. Mngeingia, leo tungekuwa wezi wanne na kidani kimoja."

"Usiwapotoshe watu!" Mzee Dadi alisema. "Hawa wanne nao waliogopa, na bado walitema uji. Kwa nini? Kwa sababu ni safi!"

Hapo ndipo Mama Yassin, mmoja wa wale wanne, alipoanza kujikuna shingo. Ni mwanamke mnene, mpole, muuza maandazi, ambaye hata akikemewa na kuku, yeye ndiye hukimbia. Alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

"Sema kwa sauti," Bi Maimuna alimwambia.

"Nilikuwa na ukwaju."

"Nini?"

"Shavuni. Siku ile. Nilikuwa na ukwaju shavuni." Machozi yalianza kumtoka. "Tangu asubuhi ulimi wangu ulikuwa umekauka kwa woga. Nikasema, mimi nikitema mkavu mume wangu ataniacha. Nikaweka ukwaju. Mate yakajaa mpaka yakawa yananimwagika."

Ua ulilipuka. Mtu alipiga kelele, "Kumbe mwizi ni wewe!"

"Mimi si mwizi!" Mama Yassin alisimama, na sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Mimi ni mwoga! Niiteni mwoga, ndilo jina langu! Lakini Mwanasha aliingia hapa bila ukwaju wala nini, akatafuna kama mtu asiye na cha kuficha, na mimi nikanyamaza siku nane. Nimekosa, Mwanasha. Nisamehe."

Wale watatu waliobaki mkekani walitazamana. Mmoja wao akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba yeye alikuwa amekunywa maji mlangoni. Vicheko vikaanza, kwanza vichache, kisha ua mzima, na hata yule bibi wa ukutani alicheka mpaka akakohoa. Mzee Dadi alisimama na sahani yake hajui aiweke wapi. Mwisho aliitia kwapani akaingia ndani.

Bi Maimuna hakucheka. "Na kidani changu?" alisema. "Nyote mnacheka. Kidani cha mama yangu kiko wapi?"

Kicheko kikakatika. Shangazi alimwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Sijui, Maimuna. Wallahi sijui. Tukapekue kile chumba upya, mimi na wewe. Tukikikosa, twende polisi. Mimi nitakuwa wa kwanza kuandikisha maelezo, na mkoba wangu upekuliwe wa kwanza. Kitafute kwa macho, nami nitakusaidia. Kwa mate ya watu hutakipata."

Bi Maimuna aligeuza uso.

Walipekua chumba bila shangazi, wasikione. Polisi waliandika maelezo ya wanawake wote watano, na mpaka leo kidani hakijapatikana. Wapo Sudi wanaosema bado ni Mwanasha. Kutengwa hakukutangazwa, kwa sababu hakuna aliyekubali kusimama na kukutangaza. Jumatatu iliyofuata niliomba meza na kiti kwenye zahanati ya kijiji, na watu kumi na mmoja walikuja kunionyesha vinywa vyao. Wanane walikuwa na vidonge mfukoni ambavyo hawakujua vinawafanyia nini. Niliwaandikia hao wanane majina ya dawa zao kwenye karatasi, wampelekee daktari, na kila mmoja nilimkataza kuacha dawa kwa kichwa chake mwenyewe.

Bi Maimuna hakuja. Lakini kila asubuhi shangazi hupita mbele ya nyumba yake, njia ile ile ya zamani, ingawa iko nyingine fupi zaidi. Husimama mlangoni, husema, "Asalaam aleikum, Maimuna," kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. Salamu ile haikataliwi, basi Bi Maimuna huitika, ila huitika akiangalia chini. Shangazi haondoki. Anasimama palepale na kikapu chake, jua likimpiga, akisubiri uso uinuke.