Risasi Moja kwa Mamba

Mamba yule alimshika jirani yetu Kisa mguu asubuhi, pale tunapochota maji mtoni, chini kidogo ya Itungi. Wanawake aliokuwa nao walimvuta huku wakimpiga yule mnyama kwa ndoo na mawe mpaka akaachia. Kisa akakimbizwa hospitali Kyela kwa bajaji, mguu umefungwa kanga. Mamba hakwenda mbali. Jua lilipopanda alitoka majini akalala kwenye mchanga ng'ambo, mdomo wazi, kama mwenye kiwanja.

Jubilate, afisa wanyamapori, alifika kwa bodaboda. Bunduki ya ofisi ilikuwa upande wa Songwe kwa sababu ya viboko, isingewahi kurudi siku hiyo. Hapa kijijini mwenye gobore la leseni ni baba mkwe wangu, Hebroni. Jubilate akampa kibali mbele ya mwenyekiti.

"Baruti ninayo, na fataki ninazo," baba alisema. "Risasi muulizeni Milka."

Milka ni mke wake, mama mkwe wangu. Mimi kwetu ni Kasumulu, nimeolewa na mwanawe Aliko, na mpaka siku ile nilijua tu kwa kusikia kwamba mama ndiye anayeyeyusha na kusubu risasi za nyumba hii. Sikuwahi kumwona kazini.

Kulikuwa na risasi za zamani kwenye kopo. Mama alilaza sinia kimshazari, akaziviringisha juu yake moja moja. Zote zilipinda njiani kama walevi.

"Zina hewa tumboni," alisema. "Hizi ni za kutishia nguruwe pori. Ukimkosa huyu leo, hutamwona tena mchana."

Akawasha mkaa jikoni, kwenye kibanda cha nje, akatia kwenye kikaango cha chuma vipande vya madini ya risasi ya kuzamishia nyavu alivyonunua dukani kwa Ridhwani, Kyela mjini. Vilipoyeyuka alidondosha kipande cha nta. Moshi ukafuka, takataka zikapanda juu, akazikomba kwa kijiko mpaka chini pakang'aa. Akachota kwa upawa, akamimina kwenye kalibu, chuma chenye tundu la umbo la risasi, akafungua. Risasi ilitoka na makunyanzi. Akairudisha kikaangoni.

"Kalibu bado ya baridi."

Ya pili nayo akairudisha. Watu walishajaa uani.

"Mama, mamba ataondoka!" mtu alipiga kelele.

"Asiyeweza kungoja aende akamkamate kwa mikono," baba alijibu, wala hakugeuka kumtazama.

Ndipo mvua ikaja, ile ya kwetu isiyopiga hodi. Mama alikuwa ameshika upawa umejaa, nami nimechuchumaa mbele yake nikipuliza mkaa. Tone moja likapenya kwenye bati, likaangukia ndani ya upawa. Ukalia pwaa! Cheche za risasi zikamrukia mkononi, nikaona ngozi ikibadilika rangi. Mtu mwingine yeyote angeutupa ule upawa, na ungenimwagikia mimi. Mkono wake haukutikisika.

"Sogea, mwanangu," alisema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi.

Niliposogea, akaurudisha polepole kikaangoni. Nikakimbilia maji, nikammwagia mkononi nje ya kibanda kwa muda mrefu, machozi yakinitoka mimi, si yeye. Kisha akahamisha jiko kwenye pembe kavu, akaipasha kalibu moto upya, akamimina.

Hii ilitoka laini. Alikata kwa kisu kikia kilichoganda kwenye mdomo wa kalibu, akaiweka juu ya sinia. Ikashuka katikati, imenyooka mpaka ukingoni. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamkabidhi mumewe. Baba aliipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo," alimshukuru.

Mamba alikuwa ameingia majini wakati wa mvua. Baba na Jubilate walilala kwenye matete wakingoja, sisi tukiwa mbali nyuma yao. Jua liliporudi, naye akarudi mchangani. Gobore likalia, moshi ukatanda. Ulipopungua, tulimwona mamba ameinua kichwa, akakishusha, mkia ukapigapiga mchanga na kutulia. Jubilate alimrushia mawe kwanza, kisha akavuka kwa mtumbwi.

"Nyuma ya jicho!" aliita. "Mzee, sijawahi kuona gobore likipiga hivi."

"Linapiga linachopewa," baba alisema.

Baadaye Kisa alitoka hospitali akitembelea fimbo, lakini mguu wake ulipona.

Jioni ya siku ile ya mamba tulimkuta mama amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa. Baba hakutaka nimwamshe wala nishike jiko. Akapika wali mwenyewe, akazidisha maji, ukatoka kama uji. Mama alipoamka aliula wote, akasogeza sahani aongezewe.