Matone Matatu Kwenye Karatasi

"Vuta! Si hivyo, kaka, unavuta kama unamng'oa mtu jino. Polepole. Acha uzi uje wenyewe."

Harijaona alivuta polepole. Alikuwa amejikunja ndani ya teksi yake, mgongo kwenye kiti, magoti kwenye usukani, ncha mbili za uzi wa katani mkononi. Kwa nje, Bakoly fundi wa raba alikuwa amekilalia kioo cha mbele kwa viganja na kifua, povu la sabuni limemfika viwikoni. Uzi ulikuwa umezungushwa ndani ya mfereji wa raba mpya, na kila ulipotoka shubiri moja, mdomo wa raba uliruka juu ya ukingo wa bati na kuukamata.

"Sasa kona," Bakoly alisema. "Kona ndiyo inayowaumbua watu. Ukinichania raba yangu utalipa mbili."

"Raba yako? Juzi hii ilikuwa tyubu ya lori."

"Na wewe juzi ulikuwa kijana. Vuta."

Teksi yenyewe ilikuwa Renault 4 ya rangi ya krimu, kongwe kuliko ndoa ya Harijaona, gia yake imechomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Miaka kumi na tisa ameiendesha, na miaka yote hiyo amekuwa akiijua mvua kwa kulowa goti la kushoto. Abiria wake wa kudumu walijua pa kukaa. Wageni walilowa kwanza, wakajua baadaye.

Hakuna aliyelalamika sana mpaka mwezi uliopita, ofisi ya ukaguzi ilipoamka na kanuni mpya. Teksi inayovuja haibebi abiria. Karatasi zitatandazwa kwenye viti, gari litamwagiwa maji ya bomba kwa dakika tatu, na tone moja likionekana, leseni inabaki ofisini. Zamu ya namba zinazoishia na saba ilikuwa leo Ijumaa, mwisho saa kumi jioni. Bila leseni hakuna teksi, na bila teksi hakuna wali. Na kwao Harijaona mtu asiyekula wali, hata akimaliza sufuria nzima ya mihogo, atalala akisema hajala.

Alikwenda kwanza dukani kuulizia raba za kiwandani. Wiki iliyotangulia zilikuwa ariari laki moja na themanini. Aliporudi na fedha kamili, akaambiwa laki mbili na arobaini.

"Meli imepandisha bei," muuzaji alisema.

"Meli gani? Si raba hizi hizi nilizoziona hapa hapa, na vumbi lake?"

"Vumbi halina bei, bwana. Unachukua au huchukui?"

Ndiyo maana akaangukia kwa Bakoly, chini ya ngazi za soko la Isotry, mwanamke mwenye kisu cha mshonaviatu na jicho lisilohitaji rula. Bakoly alikwangua raba ya zamani iliyokuwa imekauka kama biskuti, akapiga msasa kutu, akakata tyubu ya lori kwa ajili ya kioo cha mbele. Milangoni akabandika raba za friji bovu. Vile vioo vya pembeni vinavyoteleza akavitandikia ukanda wa blanketi la jeshi. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili nzima.

Uzi ukatoka wote. Bakoly akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Funga milango," alisema. "Na vioo. Halafu nyamaza."

Harijaona akafunga. Soko lilikuwa pale pale: midomo ya wauza mboga ikifunguka na kufumba, mkokoteni ukishuka kwa kishindo, jogoo akinyoosha shingo. Lakini sauti zote zilikuwa zimekwenda mbali, kana kwamba kila mtu alikuwa akikumbukwa tu. Akasikia pumzi yake mwenyewe. Alifurahi mpaka akaona haya, akajifanya anakagua kioo.

Alimpitia mama yake nyumbani. Bibi Ravao alikuwa na miaka themanini na mmoja na shuka jeupe begani, na alikuwa ameshika sahani nyeupe na chupa ya maji. Mtu haendi mbele ya wakubwa bila kunyunyiziwa maji ya baraka na mzazi wake, na mzazi yupo hai, basi kisingizio kiko wapi?

Kwenye mteremko Harijaona alizima injini kama wafanyavyo madereva wote wa mji huu wa Tana, petroli si maji. Siku nyingine gari lingeshuka likilia kila mahali, bati, vioo na upepo kwenye nyufa. Leo lilishuka kimya. Mijakaranda ilikuwa inamwaga maua, zambarau barabarani na zambarau kwenye boneti, na kule chini mashamba ya mpunga yalikuwa yamelala katikati ya mji yakiakisi mawingu. Harijaona aliona kama hawashuki bali wanaelea. Kwa kitambo hakukumbuka anakwenda wapi.

"Harijaona," mama yake akamwita kwa sauti ya wasiwasi. "Mbona kimya? Tumekufa?"

"Hapana, mama. Ni raba."

"Ah." Bibi Ravao akatazama maua yakipita. "Basi kufa si kubaya, kama kuko hivi."

Walisimama foleni uani kwa ofisi tangu saa sita. Ilipobaki teksi moja mbele yao, Bibi Ravao akamimina maji sahanini, akatia sarafu, akachovya vidole. Alimnyunyizia mwanawe utosini. Kisha, kwa kuwa gari nalo lingehojiwa, akalinyunyizia pia: usukani, dashibodi, na kwa ukarimu mkubwa kitambaa cha dari.

"Likabiliwe na mema," alisema. "Wenye macho makali wapofuke kidogo."

"Mama!"

"Kidogo tu, nimesema."

Maji ya baraka hayafutwi, huachwa yakauke yenyewe. Gari lilipokuwa na nyufa, upepo ungeyakausha kabla zamu haijafika. Hilo Harijaona hakuliwaza, wala angeliwazaje? Alikuwa hajawahi kuwa na gari lisilopitisha upepo.

Mkaguzi, Bwana Rafalimanana, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani na sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka tangu asubuhi. Alimsomea Harijaona kanuni zote, ya kwanza hadi ya tano, maana kanuni ya tano ilisema zisomwe. Alichukua leseni, akatandaza karatasi, akafunga milango. Bomba likafunguliwa. Maji yalipiga paa, yakatiririka kwenye kioo cha mbele, yakagonga kila mlango, na Harijaona akasimama ameshikana mkono na mama yake kama mtoto wa shule. Raba ya Bakoly haikuachia.

Dakika tatu zikaisha. Mkaguzi akafungua mlango, akatoa karatasi ya kiti cha nyuma, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa kavu. Akainua ya kiti cha mbele. Katikati yake kulikuwa na matone matatu.

"Linavuja," alisema, akaandika.

"Haliwezi!" Harijaona akaingiza kichwa, akapapasa raba, kavu, mlango, kavu. Ndipo alipotazama juu, akaona dari ina unyevu pale vidole vya mama yake vilipopita. Kishindo cha bomba kilikuwa kimeyadondosha. "Bwana, haya si ya bomba. Ni maji ya baraka. Mama amelibariki gari sasa hivi. Sahani hiyo hapo, itazame!"

Bwana Rafalimanana akaitazama sahani, na sarafu iliyomo. Akavua miwani.

"Na mimi nina mama," alisema taratibu. "Lakini fomu haina nafasi ya mama. Imeandikwa: tone."

"Basi lipime tena."

"Lifute kwanza. Likauke kabisa."

Dereva wa nyuma akapiga honi, akanyamaza aliposikia habari yenyewe. Kufuta baraka ya mzazi aliye hai, mbele ya macho yake? Harijaona akatoa kitambaa mfukoni, akakirudisha.

Mama yake ndiye aliyeingia. Alipanda kwa shida, akavua shuka lake jeupe, akaanza kuifuta dari kwa mikono miwili, sehemu kwa sehemu, kama anayekausha mgongo wa mtoto. "Mungu ameshayaona," alisema. "Aliyebaki ni karani." Harijaona alimgeuzia mgongo ili mama asimwone akilia, kwa sababu alikuwa analia.

Karatasi mpya zikatandazwa. Milango ikafungwa. Mkaguzi akaashiria, bomba likakohoa mara mbili, likatema kutu, likanyamaza.

"Maji yamekatika," alisema yule mtu wa bomba.

"Yatarudi lini?"

"Ukijua wewe utuambie."

Walingoja. Saa tisa ikapita. Mawingu yaliyokuwa juu ya mashamba yalikuwa yamepanda vilima vya mji, meusi, na saa tisa na nusu yakapasuka. Mvua ya Novemba ikashuka kwa kishindo, uani pakawa ziwa, na watu wakakimbilia barazani. Renault 4 ikabaki peke yake katikati, ikinyeshewa kila upande.

"Bwana!" Harijaona alipiga kelele. "Maji ndiyo hayo! Dakika ishirini sasa! Nenda ukatazame karatasi zako!"

"Kanuni inasema bomba."

"Mvua na bomba kipi kina maji mengi?"

"Sikusema kipi kina maji mengi. Nimesema kanuni."

Saa kumi kamili dirisha la ofisi likafungwa, leseni ya Harijaona ikiwa ndani ya mkoba wa mkaguzi pamoja na nyingine saba.

Mama na mwana wakaingia garini. Hawakuondoka. Mlio wa mvua ulikuwa laini, wa mbali, vioo vimegeuka maji matupu, na ua, ofisi na foleni vyote vimeyeyuka. Goti la kushoto la Harijaona lilikuwa kavu. Hilo lilimuuma kuliko kama lingelowa. Mama yake alisinzia, na kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile akamsikia akipumua.

Kioo kikagongwa. Bwana Rafalimanana alikuwa amesimama nje bila mwavuli, mkoba kichwani. "Hamuelekei Ambanidia?"

Harijaona aliutazama ule mkoba wenye leseni yake.

"Mfungulie," mama yake alisema bila kufumbua macho. "Mtu hanyeshewi mlangoni pako."

Mkaguzi akaketi nyuma, juu ya karatasi zake mwenyewe. Walipanda kilima. Njiani alinyoosha mkono, akapapasa dari, akapapasa raba ya mlango kutoka juu hadi chini, kisha akaurudisha mkono mapajani. Walipofika kwake alishuka, akasimama na mlango wazi, akitafuta pochi.

"Jumatatu njoo mapema," alisema. "Foleni huwa ndefu. Nauli ngapi?"

"Hakuna."

"Chukua, bwana. Mimi si mtu wa dezo."

"Kutoza nauli bila leseni ni kosa. Kanuni ya nne. Umenisomea mwenyewe."

Bwana Rafalimanana alibaki ameshika noti aliyokwisha kuitoa, ikilowa, ikilegea vidoleni.

"Funga mlango, mwanangu," Bibi Ravao akamwambia mkaguzi kwa upole. "Unatuingizia maji."