Nafasi ya Mume Mkorofi

Kamati ya mtaa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake na wasichana ilipoamua kutoa mchezo wa kuigiza, wanaume wote walitaka kuwa jirani mwema. Kinyozi alitaka kuwa jirani mwema. Seremala naye, jirani mwema. Mwalimu wa hesabu akasema sura yake haikai kikorofi, kana kwamba wanafunzi wake wangekubaliana na hilo. Nafasi ya mume mkorofi ikabaki inaelea, mpaka nesi wa zahanati, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akamgeukia fundi wa friji.

"Fundi Mpole, tuokoe. Wewe kila mtu anakujua, hakuna atakayedhani ni kweli."

Fundi akacheka, akakubali. Hilo jina la Mpole hakujipa mwenyewe. Alikuwa mtu wa shikamoo kwa wakubwa na pole kwa wagonjwa, mtu wa kufungua friji ya mteja na kuomba radhi kwa harufu kana kwamba ni yake. Wala hakuwahi kumgusa mkewe hata kwa kidole. Hilo alilisema mara kwa mara, hata pale ambapo mazungumzo yalihusu mambo mengine kabisa.

Mazoezi yalifanyika kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, mabenchi yamesukumwa ukutani. Msusi ndiye aliyekuwa mke. Nesi alimwelekeza fundi aingie akipiga kelele, agonge meza kwa ngumi, aseme chakula kimepoa. Fundi akajaribu, watu wakaangua kicheko. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita teksi. Akajaribu tena, wakacheka zaidi. Mwishowe akachoka, akafanya lililomjia. Aliingia kimya. Akaweka funguo mezani polepole, kama mtu anayeweka mayai. Akavuta kiti, akauliza kwa sauti ya chini, "Leo kuna nini humu ndani?"

Kicheko kikakatika. Msusi, mwanamke asiyekosa neno hata msibani, alisahau maneno yake, akarudi nyuma mpaka akagonga mizani ya kupimia watoto.

"Hiyo umeitoa wapi?" nesi akauliza.

"Sijui," akasema fundi, na kweli hakujua.

Alirudi nyumbani swali hilo limemganda kichwani. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kufoka, kwa hiyo haikutoka huko. Wala hakuwa mpenzi wa filamu. Akamsimulia mkewe jinsi walivyomsifu, akitegemea naye atacheka. Mkewe akasema, "Ni vizuri," akaendelea kukunja nguo, akakunjua ile aliyoikunja, akaikunja tena. Binti yao wa miaka saba alikaa kwenye kona yake akichora. Hapo fundi akakumbuka jambo jingine lililokuwa likimtatiza siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita mtoto huyu Chiriku, na shangazi yake alilalamika kwamba haachi kuongea hata chakula kikiwa mdomoni. Yeye baba mtu hakuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Alidhani ni utani tu, kama pandikizi la mtu kuitwa Kidogo. Alitaka kumuuliza mkewe, kisha akachanganyikiwa, hakujua aulize nini hasa.

Jumamosi alasiri uwanja wa shule ulijaa. Nesi akashika kipaza sauti akaeleza utaratibu: mtu yeyote akiona mahali ambapo kitu kinaweza kufanyika ili balaa lisitokee, apande jukwaani akifanye, wengine watazame wajifunze. "Si lazima uwe mtu mzima," akaongeza. Mke wa fundi na Chiriku walikuwa mstari wa mbele kabisa.

Jukwaani palikuwa na meza, viti viwili, vikombe na birika. Msusi alikuwa anajifanya anafuta meza. Fundi akaingia kimya, akaweka funguo polepole. Uwanja mzima ukatulia, na yeye akaona fahari. Kabla hajavuta kiti, Chiriku alishasimama. Hakukimbia wala hakuona haya. Alipanda jukwaani, akakusanya vikombe kimoja kimoja, akavikumbatia kifuani.

Watu wakapiga makofi. Nesi, kwa furaha, akamsogezea kipaza sauti.

"Haya, mwanangu, tuambie. Kwa nini umeondoa vikombe?"

"Visivunjike."

"Umejuaje kama vitavunjwa? Mume hata hajakasirika."

"Baba akiweka funguo hivyo nyumbani huwa tunaondoa. Mimi naondoa vikombe, mama anafunga dirisha ili majirani wasisikie." Na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kipo mdomoni pake, akaendelea. "Redio tulichelewa. Na kile kioo cha mama."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Fundi akamtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Fundi alitaka kukanusha, ila hakujua akanushe kipi. Redio ilivunjika, ndiyo, na aliitengeneza yeye mwenyewe siku ya pili. Kioo kilikuwa kioo. Hasira ilimpanda, ikashuka, akaomba maji ya kunywa, akaletewa. Siku zote alidhani wote watatu wanasahau pamoja. Sasa kuna mtu anamwogopa? Yeye?

"Lakini sijawahi kuwapiga," akasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu, maneno yakafika mpaka barabarani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kinyozi, ambaye ndiye aliyeipata nafasi ya jirani mwema, alikuwa amesimama pembeni akisubiri zamu yake ya kubisha hodi. Aliinua mkono, akaushusha, akamtazama nesi.

Vikombe vilianza kumteleza mtoto. Fundi akachuchumaa, akanyoosha mikono ampokee.

"Nipe, mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini ili asimtishe.

Chiriku akavibana zaidi. Akageuka, akamtazama mama yake kwanza, na mama yake akatikisa kichwa kwamba asimpe.