Mashine ya Mafuta

Jenereta ilikuwa ikinguruma vizuri, na hilo ndilo lililomtia Eugénie hofu zaidi. Laiti ingegoma, angeirudisha dukani na kudai nyingine. Lakini ilinguruma, waya ukiwa umechomekwa barabara, na bado taa ndogo ya inveta iliendelea kuwa ya njano. Maana ya njano alikwisha kuifahamu: betri zinatumika, hazichajiwi.

Walikuwa kwenye ua wa ghala la mizigo, nyuma ya maghorofa ya Xiaobei, mtaa wa mji wa Kichina wanakonunua bidhaa wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, mchana wenye joto la kunata. Feni ya mezani, iliyowekwa hapo kwa ajili ya jaribio, ilizunguka kwa umeme wa betri. Eugénie aliitazama asiione. Alichokiona ni mashine ya oksijeni kando ya kitanda cha mama yake huko Bukavu, ambayo bila umeme haikuwa na tofauti na sanduku.

Nyumbani kwao walitegemea jenereta kuukuu peke yake. Umeme wa mji ulipokatika, kaka yake, Wilfried, alitoka mbio kwenda kuvuta kamba yake, na hadi ikubali kuwaka, mama alikuwa amekwisha kuanza kutweta. Betri peke yake nazo zisingefaa, kwa kuwa mtaa wao uliweza kukaa gizani siku mbili. Ndiyo maana Eugénie, alipomaliza kununua bidhaa za biashara yake, alitafuta vyote viwili: betri zishike kazi papo hapo umeme unapokatika, kisha jenereta mpya iwashwe bila papara, iihudumie nyumba na kuzijaza betri upya. Kiungo cha hayo yote, cha kuzichaji betri na kuugeuza umeme wake uwe wa nyumbani, kilikuwa inveta hii, iliyomkodolea jicho la njano.

"Maman Eugénie!" aliita Jean-Luc, wakala wa mizigo, Mkongomani mwenzake, akiwa mlangoni. "Kontena linafungwa leo jioni. Lori la kwenda bandari ya Huangpu halitanisubiri hata nikililia. Tupakie au tuache?"

"Acha kunipigia kelele. Ya jenereta inatosha."

"Mimi nasema tu. Kontena jingine ni mwezi ujao."

Mwezi mzima zaidi wa Wilfried na ile kamba. Eugénie alimgeukia Agripina, mwanafunzi wa udaktari kutoka Tanzania, ambaye siku za mapumziko aliwatafsiria wafanyabiashara. "Mwanangu, mwambie laobani mashine yake imenidanganya."

Laobani, kama alivyoitwa hapa kila mwenye duka, alikuwa Bwana Liang, aliyemuuzia inveta hiyo katika jengo la Tianxiu. Aliuchomoa waya wa inveta kwenye jenereta, akauchomeka kwenye soketi ya ukutani. Taa ikawa ya kijani mara moja.

"Anasema inveta ni nzima, mama. Ubovu uko kwenye jenereta."

"Na aliyeniuzia jenereta atasema ubovu uko kwenye inveta! Muulize, kama haitaki jenereta, aliniuzia ya nini?"

Agripina aliuliza kwa upole zaidi ya alivyoagizwa. Bwana Liang alitikisa mikono yote miwili, maneno yakimtoka kwa kasi, na Agripina akakunja uso.

"Anasema siku ile dukani alikuuliza kabla ya kuipanga inveta. Alikuuliza kama nyumbani una mashine ya mafuta, ukasema huna."

"Na kweli sina! Mimi nauza vyombo na viatu. Mawese nanunua sokoni kama watu wote. Niyakamue mwenyewe, kwani nimekuwa nani?"

"Nakumbuka, mama. Hata mimi nilishangaa, mtu wa inveta anataka nini kwenye mafuta yako."

"Labda alitaka kukuuzia na kikaango," Jean-Luc alidakia.

Bwana Liang hakungoja zaidi. Aliiendea jenereta, akalipiga tangi lake la mafuta kwa kiganja. "Youji!" alipaza sauti kuishinda ngurumo. "Youji!"

Agripina alijishika mdomo. "Mungu wangu! *You* ni mafuta, *ji* ni mashine. Mama, mashine ya mafuta ndiyo hii! Ndivyo mafundi wao wanavyoiita jenereta. Sisi chuoni tunakaririshwa majina ya mifupa."

Yaliyobaki yalieleweka upesi. Kwa kuwa mteja alisema hana jenereta, Bwana Liang aliipanga inveta ipokee umeme wa mji tu, ulio tulivu. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka kidogo, na inveta iliyopangwa hivyo huuona kuwa mbovu na kuukataa. Alifungua kifuniko kidogo cha nyuma, akasukuma swichi kwa ncha ya bisibisi, akapunguza na kasi ya kuchaji ili jenereta isilemewe. Kisha akaurudisha waya kwenye jenereta.

Njano. Eugénie aliiinamia taa. Bado njano.

Inveta ikalia tik, na taa ikawa ya kijani. Mngurumo wa jenereta ukawa mzito zaidi, kama mtu aliyetwishwa mzigo akaukubali.

"Izime," alisema Eugénie.

Ukimya ukatanda uani. Feni haikusita hata kidogo.

"Iwashe tena."

"Maman, lori..."

"Lisubiri! Iwashe."

Ikawaka, na baada ya kitambo kijani kikarudi. Eugénie aliketi juu ya boksi la viatu, upepo wa feni ukimpuliza usoni, akaanza kucheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Agripina alibandika kipande cha plasta juu ya ile swichi. "Niandike nini, kaka Wilfried asije akaigusa?"

"Andika: Tuna mashine ya mafuta. Atanipigia simu kuuliza maana yake, nami nitamwambia ampe mama simu, nimsimulie kisa hiki mwenyewe."

Kisha akainuka, akaizima feni kwa mkono wake, akamwita Jean-Luc aje kupakia.