Sekunde Ishirini za Mwanzo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu haijanisaidia. Miaka sita nimekaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango mmoja, kati ya duka la vifaa vya umeme na kinyozi, nikiwajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu. Mteja anakuja, anaegemea meza, anasema, "Nijazie zile zinazotamba." Zinazotamba ni kumi. Wiki hii kumi, wiki ijayo zilezile kumi zimebadilishana viti. Kuna siku nilizijaza mara sitini, na kinyozi alipoanza kupiga mluzi wa mojawapo nilimrushia ndala.

Ndiyo maana niliweka kopo la biskuti mezani na kuandika kwa kalamu nzito: MWANAMUZIKI USIYEJULIKANA, TIA KADI YAKO HAPA. Watu walidhani nina huruma. Huruma gani! Nilikuwa na njaa tu. Nilitaka kusikia kitu ambacho sijui kinaishia wapi. Kila Jumatatu asubuhi nilimwaga kopo, nikapata kadi ishirini, thelathini, nikazisikiliza huku mguu unanichezacheza chini ya meza. Nyingi zilikuwa za vijana wanaoiga zile kumi, tena vibaya. Lakini mara mojamoja ilitokea ajabu: fundi viatu mwenye gitaa la nyuzi nne, au wanawake watatu waliorekodi wimbo wao ndani ya tangi la maji lililokauka. Hizo nilizichomeka kwenye kadi za wateja bila kuomba ruhusa. Wengine walirudi kugomba. Wengine walirudi wakinong'ona, "Ule wa tangi, unao mwingine?" Kwa watu hao wa pili ndipo niliposahau kwamba nimechoka.

Sasa sikia nilivyokuwa nikiifanya kazi hiyo. Wanamuziki wadogo wana tabia moja, hawaanzi kuimba, wanaanza kuongea. "Haya haya, hapa ni mimi fulani wa mtaa fulani, namshukuru mjomba, namba yangu ya simu ni sifuri..." Wateja walizichukia porojo hizo, nami zaidi yao. Kwa hiyo nilikuwa na programu kwenye kompyuta inayofyeka sekunde ishirini za mwanzo za kila wimbo wa kopo, zote kwa mkupuo, kabla hata sijasikiliza. Kisha nazipa namba, Mpya 1, Mpya 2, na kadi zenyewe nazifuta niwajazie wateja wengine. Anayetaka kujulikana atakuja mwenyewe, nilijiambia. Mtaa mzima uliniita Mkasi. "Kadi za Mkasi hazina porojo," walisema, nami nikavimba kichwa.

Mpya 14 ilinikuta nimeshika kikombe cha chai. Ilianza na mdundo mzito unaochechemea, tum, ta-tum, kama mtu mnene anayeshuka ngazi na goti bovu. Halafu sauti ya mwanamke, nzito, isiyojipamba, isiyomwomba mtu chochote:

*Shika pembe zako, nami zangu,*
*tukutane katikati*
*kabla joto halijatoka.*

Basi. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Niliurudia hadi kinyozi akagonga ukuta akisema mteja wake anatingisha kichwa na wembe uko shingoni. Siku hiyo kila aliyekuja kibandani aliondoka na Mpya 14, awe aliutaka au hakuutaka.

Ndani ya wiki tatu wimbo ulinikimbia. Niliusikia sokoni, niliusikia kwenye harusi, nikausikia ukitoka dirishani kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kibandani kwangu. Madereva wa malori waliubeba. Mmoja aliniambia ameusikia kwenye mji ulio mbali mwendo wa siku mbili. Redio haikuwa na habari nao. Wote walisema ni wimbo wa mapenzi, na wote waliuliza swali moja: "Wa nani huu?"

"Mpya 14," nilijibu.

"Hilo ni jina la mtu?"

Muuza nyimbo wa stendi alipoona hauna mwenyewe, aliandika jina la nyota mmoja mkubwa na kuuuza kama wake. Nilimwendea nikiwa nimefura. Nilimwambia yeye ni mwizi, anamnyang'anya mtu jina lake mchana kweupe. Akaniangalia, akauliza kwa upole kabisa, "Haya, Mkasi, jina lenyewe ni lipi?"

Jina lilikuwapo. Lazima lilikuwapo, wote wanasema jina, na mimi ndiye niliyelifyeka. Nilirudi kibandani mbio nikapekua kompyuta faili kwa faili. Kadi yake nilikuwa nimeifuta na kuiuza, ikiwa na zile kumi.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilibandika tangazo: MWENYE MPYA 14 AJITOKEZE. Walijitokeza kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa wanaume. Mmoja alikuwa na sauti ya kutetemesha mabati, akaapa kwamba siku ya kurekodi alikuwa na mafua. Niliwafukuza wote. Mama yangu alisema nimekonda. Nilianza kusikiliza sauti za watu badala ya maneno yao. Muuza nyanya akinitajia bei, mimi namsikiliza kama ndiye.

Aliyenitoa gizani ni shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa mashine za kufulia na majokofu. Huyo hapendi muziki kabisa, anasema ni kelele zilizolipiwa. Adhuhuri moja alikuja kuniletea chakula kutoka kwa dada, akakuta Mpya 14 inalia. Akaweka bakuli mezani, akainamisha kichwa.

"Shemeji, huyo mgonjwa ni wa nani?"

"Mgonjwa gani? Huo ni wimbo."

"Wimbo wako uweke mfukoni. Nasema huyo anayepiga hapo nyuma, tum, ta-tum."

"Hiyo ni ngoma, shemeji."

"Ngoma ya bibi yako! Hiyo ni mashine kubwa ya kufulia, inakamua nguo huku mguu mmoja wa nyuma ni mfupi. Nimeitengeneza mwenyewe." Akajirekebisha. "Nilitaka kuitengeneza. Niliwachomekea kipande cha ubao, nikawaambia wanunue mguu mpya. Hawakuniita tena, na ubao umeshaliwa na maji, nausikia."

"Wapi?"

"Hospitali kuu, kule nyuma wanakofua mashuka. Kula basi, dada yako atanigombeza."

Sikula. Nilimwachia kibanda, mtu asiyejua hata kuwasha spika, nikaondoka na ndala zangu.

Chumba cha kufulia kiko nyuma ya hospitali, ukishapita jiko. Mlango ulikuwa wazi na mvuke unatoka. Mdundo niliusikia kabla sijaingia. Ndani kulikuwa na mashine mbili, moja imekufa, nyingine ikiitingisha sakafu. Pembeni yake dobi, mwanamke wa makamo, mikono imenyauka kwa sabuni, alikuwa akikunja shuka peke yake. Shuka la kitanda hukunjwa na watu wawili. Yeye alikuwa amepigilia misumari miwili ukutani, akatundika pembe mbili humo, na nyingine mbili amezishika.

"Habari za kazi, dada," nilisema.

"Nzuri. Nguo za wagonjwa zinachukuliwa dirisha lile."

Ile sauti. Ningeitambua hata ikinitukana.

"Sikuja kuchukua nguo. Nimekuja kwa ajili ya wimbo."

Mikono ilisimama. "Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Yeye nani?"

Uso ulimshuka. "Basi wewe ni nani? Na mbona mnauimba mji mzima na hakuna hata mmoja aliyepiga simu?"

Nilimwambia mimi ndiye wa kile kibanda chenye kopo. Akatikisa kichwa. Alikuwa amepita pale mara mbili kuuliza, akakuta foleni, akaona haya. Wimbo wake ameusikia kwa mbali tu, ukipita na magari au ukivuka ukuta. Akaomba ausikie vizuri. Nikatoa simu, nikaubonyeza.

Alisikiliza sekunde tatu. "Anza mwanzo."

"Huo ndio mwanzo, dada."

"Anza mwanzo, nimekwambia. Pale ninapoongea."

Nilimweleza. Programu, porojo, wateja, kadi niliyoifuta. Nilieleza haraka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojichukia. Yeye alikuwa akinitazama mdomo, mtulivu, na laiti angenipiga kofi.

"Nina mdogo wangu," alisema mwishowe. "Tulikuwa tukifanya kazi hapa wawili, yeye pembe zile, mimi hizi. Miaka mitatu iliyopita nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii hata adui yake. Akavua aproni, akaondoka. Mji gani sijui. Namba yake haipatikani, na yangu ya zamani ilipotea na simu. Lakini mdogo wangu hawezi kuishi bila nyimbo. Akifika mahali, kabla hajatafuta pa kulala, anatafuta kibanda cha nyimbo. Nikasema, nitautia wimbo vibandani, utamfikia. Mwanzoni nikamwomba msamaha, nikampa namba mpya."

Mashine ikamaliza kukamua.

"Na umefika mbali kweli," alisema. "Pengine ameshausikia. Sauti yangu ataijua. Atadhani ugomvi wetu nimeufanya wimbo wa watu kuchezea harusini."

Nilimwuliza alisema nini hasa mle, nipate kuyaandika. Akanikata jicho. "Hayo hayakuwa yako." Akarudi kwenye shuka lake. Mimi nisiyeweza kusimama mahali pamoja nilikwenda ukutani, nikachomoa pembe zake kwenye misumari, nikazishika. Alisita, halafu akaja na zake. Tulikunja mashuka kumi na moja. Nilikuwa nakunja ovyo, naye ananirekebisha kwa kuvuta tu.

"Njoo kesho saa nne," alisema nilipoaga. "Asubuhi kuna mablanketi. Inapiga vizuri zaidi ikiwa na mzigo."

Nilikwenda saa tatu. Nilimrekodi karibu na mashine, na safari hii hakuongea mwanzoni. Aliimba moja kwa moja, na alipofika katikati, juu ya mdundo uleule, akaiimba namba ya simu tarakimu kwa tarakimu, na baada yake: *mdogo wangu, kosa ni langu.* Namba ikawa kiitikio. Alipomaliza alinigeukia.

"Haya, Mkasi. Kata hapo tuone."

Nilicheka, machozi yakanitoka hapohapo, naye akajifanya anatafuta sabuni.

Programu niliifuta siku hiyo. Faili niliipa jina lake kamili, kisha nikabandika tangazo jipya: LETE KADI YENYE MPYA 14, UBADILISHIWE BURE. Walinung'unika. "Sasa wimbo una namba ya simu, tutauchezaje?" Niliwabadilishia kwa nguvu. Niliwasimamisha madereva barabarani. Muuza nyimbo wa stendi nilimpelekea mwenyewe, naye kwa uungwana akaupokea bila kunicheka sana.

Simu zikaanza siku ya tatu. Mlevi mmoja alitaka kujua kama namba ni ya kweli. Mwingine akatangaza posa. Mtu wa tatu aliuliza bei ya mashine. Wanafunzi walipiga wakacheka wakakata, wakapiga tena. Zilikuwa thelathini, arobaini kwa siku. Nilimwambia asipokee namba asizozijua. Akaniuliza, "Ninayemsubiri ana namba ninayoijua?" Alipokea zote, na kila moja aliipokea kwa sauti ileile ya mtu anayefungua mlango. Mimi nilikuwa nafunga kibanda saa nane na kwenda kumsaidia mashuka. Kila simu ilipoita nilishtuka kuliko yeye.

Siku ya kumi na tisa iliita tukiwa na shuka mkononi na mashine inakamua. Mikono yake ilikuwa na maji, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Halo?"

Hakuna aliyejibu. Wale wa utani hawawezi kunyamaza, lazima wacheke. Huyu alinyamaza, na alikuwa anapumua.

Dobi aliachia shuka likaanguka sakafuni. Aliiinamia simu akaanza kusema, na nikajua papo hapo kwamba ni yale maneno, kwa sababu aliyasema kama kitu alichokiweka tayari siku nyingi. Sitayaandika. Hayakuwa yangu. Yalikuwa mafupi, sekunde ishirini, zikizidi ni ishirini na tano. Alipomaliza alibaki ameinama vilevile, mikono inadondosha maji.

Mashine ikaendelea kupiga. Kisha upande wa pili mwanamke akakohoa.

"Dada, sijakusikia vizuri," alisema. "Hilo limashine linapiga kelele. Sema tena."

Nilikimbia kulizima.