Umeme wa Kupita Juu ya Kofia

Kofia ya Papa Waziri ndiyo iliyoanzisha mambo yote. Jumatatu ile mzee huyo, chef w'avenue yaani mkuu wa mtaa, alikuwa amepanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, amekaa nyuma mgongo wima kama mtu anayepigwa picha, anapeleka karatasi zake ofisi ya komini. Walipofika kati ya nyumba ya Mama Augustine na ya kina Aimée, baiskeli ikaendelea, Papa Waziri akaendelea, kofia ikabaki. Ilinasa kwenye waya, ikawa inayumba huko juu taratibu, na mwenye kunyonga baiskeli hakujua kitu mpaka aliposikia avenue nzima imepasuka kwa kicheko.

Aimée alikuwa mlangoni anachambua majani ya pondu. Yeye hakucheka. Waya ule ulikuwa wake.

Ulitoka kwa Mama Augustine, upande wa avenue wenye umeme, ukavuka hatua sita juu ya njia, ukaingia jikoni kwa kina Aimée na kuishia kwenye balbu moja ndani ya katoni. Ndani ya katoni mlikuwa na mayai ishirini na manne, yaliyotoka Yangambi kwa boti, shangazi yake Hélène ameyapakata safari nzima kama mtoto mwenye homa. Siku hiyo yalikuwa yametimiza siku kumi na saba kwenye joto. Zilibaki nne.

Alipojaribu mara ya kwanza, balbu iliungua Aimée akiwa kanisani, mayai yote yakaoza, na tangu hapo avenue ilimwita Mama Omelette. Baba yake ni mpole, lakini alisema wazi: yakiharibika tena, katoni inatoka jikoni, na Aimée anarudi kutwanga mihogo na mama yake mkubwa, habari ya kuku asiiguse tena.

Papa Waziri alirudi kwa miguu, kichwa kitupu kinang'aa.

"Nani mwenye hii waya?"

"Ni yangu, papa chef."

"Iko waya ao iko mutego ya ndege? Mi niko ndege?"

"Hapana, papa chef."

"Bon. Kuanzia leo, hakuna waya yenye itavuka hii avenue. Hata moja. Hata ya kuanika nguo!"

Tonton Jérémie, mdogo wa baba yake, fundi wa radio, ndiye aliyepanda ngazi kutoa kofia na kushusha waya. Aimée naye akavuka njia na kusimama mbele ya veranda ya Mama Augustine, kandambili mkononi. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu Mama Augustine atandike vigae kwenye veranda ile, carrelage kama mwenyewe alivyoviita, vyeupe vyenye maua ya bluu, na mpaka leo alikuwa anavipangusa mwenyewe kwa kitambaa cha kufutia miwani.

"Mama, naomba katoni yangu ikae hapa kwako. Siku nne tu."

"Aimée, mutoto yangu, courant ya umeme nilikupatia. Nilikukatalia?"

"Hapana, mama."

"Lakini leo ni mayai, kesho ni kuku. Kuku iko na matako, ao haina?"

"Iko nayo, mama."

"Donc, hapana."

Aimée akarudi. Alikuwa mtu wa kungoja. Hata shuleni, mpaka alipoachia darasa la sita, mwalimu alisahau mara nyingi kwamba yumo. Aliyafunika mayai kwa vitenge vitatu, akaweka sufuria ya makaa kando, akakaa chini kuyatazama. Tonton Jérémie akaja akasimama mlangoni, waya ulioshushwa ameuzungusha begani.

"Chef amesema waya isivuke," alisema. "Ulimusikia kusema courant isivuke?"

"Hapana, tonton."

"Voilà. Hakusema."

Jioni ileile alileta beseni la plastiki kwenye veranda ya Mama Augustine. Alikuwa amelizungushia nyuzi za shaba kutoka kwenye feni iliyokufa, na nyuzi zile akaziunga na kidude alichokitoa ndani ya ampli mbovu ya muziki, kinachoutikisa umeme haraka sana. Mkononi alishika mzingo mwingine wa shaba wenye balbu ndogo kama punje ya hindi. Vitu hivyo viwili havikugusana popote. Alipousogeza mzingo juu ya beseni, ikabaki shubiri moja, balbu ikawaka.

"Yezu!" Mama Augustine aliketi kwenye vigae vyake bila kutaka.

"Ni kama ngoma ya jirani," Tonton Jérémie alieleza, shingo imenyooka. "Yeye anapiga kwake, sahani zinalia ndani ya kabati kwako. Nani amezigusa? Hakuna. Courant nayo inazunguka hapa, inaamusha ingine kule."

Akainua mzingo shubiri mbili: balbu ikafifia. Urefu wa mkono: giza.

"Beseni iko ndogo," alisema bila wasiwasi. "Kama tunataka hatua sita, tutafute kitu kubwa."

Na Kisangani, mtu akitaka kitu kikubwa cha duara atatafuta nini kingine? Kesho yake asubuhi Tonton Jérémie akaenda kwa watengeneza baiskeli, akarudi na rimu mbili za toleka, za chuma kitupu, moja kila bega. Akazizungushia shaba mpaka vidole vikavimba. Aimée alikuwa akimshikia nyuzi, na kimyakimya alikuwa akihesabu. Waya uliokatazwa ulikuwa na hatua sita. Huu wa kuufanya umeme uende bila waya, mpaka mchana, ulishapita hatua mia na arobaini.

Mama Augustine alikubali rimu moja ikae kwenye veranda, kwa sababu watu walishaanza kuja kutazama, na aliyetazama rimu aliona na vigae. Rimu ya pili ikatundikwa jikoni kwa kina Aimée na balbu yake. Papa Waziri akafika, kofia ameishika kwa mkono.

"Jérémie, hiyo courant yako itapita kimo gani?"

"Kimo gani namna gani, chef?"

"Mi nikikuwa juu ya toleka, itanipiga kifua ao kichwa?"

Tonton Jérémie hakuwa amefikiria jambo hilo. Alikuna kidevu. "Hata kama ingekupiga, chef, haungesikia kitu."

"Hata ile waya sikusikia. Kofia ndiyo ilisikia. Courant ipite juu ya kofia!"

Basi rimu, iliyokuwa imesimama ikitazama avenue, ikalazwa chali juu ya matofali mawili, ili umeme upande kwanza mbinguni halafu ushukie jikoni kama mvua. Papa Waziri akaridhika. Akasimama katikati ya njia kuonya wapitao, na toleka ya kwanza iliyofika, mwenye kunyonga na mama aliyembeba, na mzigo wa mikate ya kwanga kichwani mwa mama, wote waliinama mpaka kwenye kiti.

"Aimée, enda angalia lampe!" Tonton Jérémie alipaza sauti. "Nawasha! Imewaka?"

"Bado, tonton."

"Sasa?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sasa kuna nzi juu yake."

Akazima, akawasha, akageuza vifungo, akasali kidogo. Balbu ilibaki na nzi wake. Aimée aliyapima mayai. Kila asubuhi alikuwa akichukua moja na kuligusisha kwenye kope ya jicho, kama shangazi Hélène alivyomfundisha: likiwa sawa, jicho halisikii baridi wala moto. Sasa jicho lilisikia ubaridi. Makaa ya sufuria yalikuwa yanakufa, na baba alikuwa ameshauliza mara mbili kama katoni ile ingefaa kuwashia moto.

Akavuka tena njia. Watu walikuwa wakibishana wote pamoja, lakini Aimée alikuwa anamtazama paka wa Mama Augustine. Paka yule aliyezoea kulala juu ya televisheni alikuwa amejiviringisha katikati ya rimu, tumbo juu, macho amefumba kwa raha.

Paka halali mahali pabaya. Aimée akachutama, akagusa rimu. Ilikuwa na joto zuri, kama paji la uso la mtoto aliyetoka kucheza. Akagusa beseni la jana: baridi, na hata jana, balbu ikiwaka, lilikuwa baridi. Akafikiri. Plastiki haina haja na umeme, inauacha uende zake. Rimu ni chuma, tena ni duara lililojifunga lenyewe. Kumbe nayo ni mzingo, ndiyo ya kwanza kuamshwa, inameza yote na kupata joto. Jikoni kwao kutafika nini? Makombo hayavuki avenue.

Akafungua mdomo kumwambia tonton wake. Halafu akaurudisha mkono kwenye rimu, mgongo wa mkono sasa, akahesabu mpaka ishirini. Joto lilikuwa lilelile la katoni balbu ilipokuwa inawaka.

Akafunga mdomo.

"Tonton," alisema baada ya muda, "jana si ulianza na karibu ndiyo ukaenda mbali?"

"Ndiyo."

"Leo tumeanza na mbali. Labda tuanze tena na karibu. Kitu ya kupokea ikae hapa ndani ya rimu, izoee kwanza. Halafu tuisogeze, hatua moja moja."

"Kitu gani ya kupokea?"

"Mayai yangu."

Tonton Jérémie alimtazama, akaitazama rimu, akawatazama watu waliokuwa wanaanza kuondoka. "Voilà!" alipiga mkono pajani. "Niko nasema kila siku, huyu mutoto walimutoa masomo bure! Ikae siku ngapi?"

"Tatu, tonton. Ya kuzoea."

"Juu ya carrelage yangu?" Mama Augustine alisimama. "Aimée, tulisema nini juu ya kuku?"

"Hakuna kuku hapa, mama. Ni mayai."

"Na mayai iko nini?"

"Kwa sasa," Aimée alisema, macho chini kwa heshima, "iko appareil."

Appareil, chombo cha umeme, ilikuwa na ruhusa. Katoni ikaingia katikati ya rimu, paka akatolewa na kuapa kulipiza. Siku tatu zile Aimée hakubanduka. Jicho likisikia moto, alisogeza katoni kidogo; likisikia baridi, alirudisha. Tonton Jérémie alikuja kila saa na balbu yake kuona kama mayai yameanza kupokea, akiyaelekezea kama daktari mwenye kipimo. Kila alipouliza, "Unaona mabadiliko?" Aimée alijibu, "Iko inakuya pole pole, tonton," na hilo halikuwa uongo. Lakini usingizi ulimkimbia kwa kumtazama tonton wake akikonda. Mara mbili tonton alitaka kuondoa rimu alete kubwa zaidi, ya pikipiki. Mara mbili Aimée alimwomba angoje Ijumaa.

Njiani huko toleka zote ziliinama. Abiria waliotoka komini ya Makiso waliona wenzao wakiinama, nao wakainama bila kuuliza.

Ijumaa asubuhi Papa Waziri alikuja kukagua. Mama Augustine alikuwa amepangusa vigae mara mbili. Tonton Jérémie aliwasha, akainama juu ya katoni, ghafla akainua mkono.

"Kimya! Munasikia?"

Walisikia. Sauti nyembamba, ya kukatika katika. Piu.

"Ni fréquence, ni mawimbi!" Machozi yalimlenga. "Nimeipata! Courant iko inaimba!"

"Inaimba vizuri," Papa Waziri alikubali.

Piu, piu, piu, ikajibu fréquence nyingine, na ya tatu, na katoni ikaanza kutikisika. Aimée alifungua kifuniko polepole. Yai la pembeni lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mlikuwa na mdomo. Mpaka jua lilipofika kwenye veranda walishatoka watatu, wameloa kama waliovuka mto kwa kuogelea. Mmoja, aliyekauka kabla ya wengine, akapanda ukingo wa katoni, akaanguka, akasimama juu ya ua la bluu la kigae kilicho karibu na mlango, akatazama watu wote, akanya.

Mama Augustine akapiga yowe. Paka, aliyekuwa akingoja siku tatu, akaruka. Papa Waziri akawahi: alivua kofia na kumfunika kifaranga nayo, akaikandamiza pembeni kwa mkono mzima, akimfokea paka kwa jina la serikali.

Vifaranga kumi na tisa walitoka siku ile. Baba yake Aimée aliletewa kofia aangalie ndani, akasema "Hm," na mchana akaonekana akipiga misumari kwenye mbao. Alikuwa anatengeneza banda. Mama Augustine alikasirika mpaka jirani wa kwanza alipomuuliza kama ni kweli kuku wamezaliwa kwa courant kwenye veranda yake. "Kwangu mimi," alijibu, "juu ya carrelage." Kigae hakukipangusa mpaka wote walipokiona.

Tonton Jérémie alikuwa ameketi peke yake kando ya rimu. Aimée akachutama karibu naye na kumweleza habari ya paka, ya beseni, ya chuma kinachomeza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Mardi, tonton, ile Jumanne."

"Na uliniacha niko napima mayai na lampe?"

"Ungejua, ungetoa rimu. Mayai yangekufa. Unisamehe, tonton."

Tonton Jérémie aliigeukia rimu. Akagusa rimu, akavuta mkono, akagusa tena. Mabega yakaanza kumtikisika, na Aimée akaogopa kwamba analia, mpaka alipoona meno.

"Aimée," alisema, "ile joto ilibadilika? Tangu Mardi?"

"Kidogo sana, tonton. Niko nasogeza katoni tu."

"Kidogo sana," alirudia. Akatoa kalamu sikioni. "Na kama rimu ingekuwa ya pikipiki, zingeingia mayai ngapi?"

Shangazi Hélène ameshaagizwa mayai mengine sitini. Rimu imehamia karakana ya Tonton Jérémie, upande wenye umeme na sakafu ya udongo, na Aimée ana kiti chake pale. Jina la Mama Omelette limekufa. Wanamwita Mama Piu, naye anaitika. Papa Waziri hajaivaa tena kofia ile, anasema inanuka. Amenunua nyingine. Na akipita kwenye toleka kati ya nyumba zile mbili, ambako hakuna waya wala umeme wala kitu, anaishika kwa mikono miwili na kuinama.

"Huwezi kujua," anasema.